Salamu ya Saa Saba Jiweni

Nyinyi wawili mliokalia meza yangu sasa mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyoanza, kwa sababu makaratasi ya ofisi yanaonyesha mashine tu, hayaonyeshi watu. Haya, naandika. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia pale sentensi itakapokwenda upande. Cheo sitakitaja, maana nilikuwa nacho kimoja tu na hakikubadilika. Nitakaowataja ni waliotuumiza. Wale waliotuamini hamtawaona humu, isipokuwa wawili walioniruhusu kwa midomo yao.

Shida yetu tangu siku ya kwanza ilikuwa moja: mtu aliyeko machimboni aone hatari, aiseme, na kesho yake aamke mzima, asijulikane kuwa ndiye aliyesema. Mengine yote, kompyuta na programu na minara, ni vyombo vya kazi hiyo tu.

Kabla ya kuijua kompyuta nilikuwa naponda mawe Nyarugusu, kule Geita. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano chini ya maturubai, kila mmoja na nyundo yake na kipande cha tairi cha kuzuia mawe yasiruke. Mawe yetu yalitoka kwenye duara la Bosi Lubinza. Kwa wewe uliyezaliwa mjini, duara ni shimo la kushuka chini kuufuata mwamba wenye dhahabu, na kuta zake zinashikiliwa na magogo yanayoitwa matimba. Matimba ya Lubinza nilikuwa nayaona yakipita mbele yangu. Yalikuwa yale yale yaliyong'olewa kwenye duara lake jingine lililoporomoka masika. Yalikuwa na ukungu, mengine ukiyabonyeza kidole kinazama. Chama chetu cha wachimbaji kilikuwa na sanduku la maoni, limepakwa rangi ya kijani, limeandikwa "Toa maoni yako bila woga". Nikaandika barua kuhusu yale magogo. Jina sikuweka. Nikajiona mjanja.

Sikilizeni kosa langu, maana kazi yote niliyokuja kuifanya imetoka humo. Katika wale wanawake wote, tuliojua kuandika tulikuwa wawili. Mwenzangu wiki ile alikuwa leba. Kwa hiyo barua yangu isiyo na jina ilikuwa na jina kubwa kuliko bango la barabarani. Katibu wa chama, Fortunatus, ambaye watu walimwita Katibu Foti, alifungua sanduku, akasoma, akaipeleka kwa Lubinza kabla soda yake haijaisha. Namtaja kwa sababu funguo alikabidhiwa yeye.

Lubinza alikuja mwenyewe alasiri ile, na watu wake wawili.

"Mama Kulwa," akaniambia kwa sauti ya upole, "hivi wewe unayajua matimba kuliko mimi?"

"Siyajui, bosi. Nayaona tu."

"Basi leo utaacha kuyaona."

Walilikunja turubai langu vizuri kama watu wanaohama. Kisha mmoja akanishika mkono, akaulaza juu ya jiwe langu, na nyundo ilikuwa yangu pia. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo. Ndiyo maana mlikuwa mnacheka nikichapa, na mimi nilikuwa nawaacha mcheke. Siku ya kumi na moja duara likashuka, yaani liliporomoka lote. Wawili hawakutoka. Majina yao siyaandiki, wake zao sijawaomba.

Nikaja Shinyanga kwa dada yangu, mtaa wa Ngokolo, na wanangu mapacha. Huko nikapata kazi ya usafi kwenye ofisi hii yetu, wakati huo ikiwa vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea. Walikuwa wanapokea taarifa za hatari kutoka machimbo ya wachimbaji wadogo na kuzifikisha kwa mkaguzi wa migodi. Fundi wao alikuwa Idrisa, mtu wa mjini hapa, ambaye babu yake alikuja na kazi za reli akaoa akabaki. Alikuwa na kofia ya kitambaa na chupa ya chai ya tangawizi, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa mashine.

Siku yangu ya kwanza ya kazi, ile kazi yenyewe, haikupangwa na mtu. Wote walikuwa wametoka kula, simu ikaita, mimi nina fagio mkononi. Aliyepiga alikuwa anaongea Kisukuma kitupu. Nikasikiliza, nikaandika nyuma ya karatasi ya bili ya maji. Idrisa aliporudi akaiokota.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, kaka. Kuna karasha la kusagia mawe, mkanda wake hauna kinga. Jana umemvuta mama mmoja kanga. Kanga ikachanika, yeye akapona."

"Jina la aliyepiga?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini hukumuuliza?"

Nikamwonyesha vidole vyangu, nikamsimulia kwa kifupi. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Kesho yake fagio likapewa mtu mwingine.

Idrisa alinifundisha kwa miguu, maana alisema kitabu kingenitisha. Jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba ujumbe una tumbo na una ngozi. Tumbo ni maneno yenyewe. Ngozi ni nani katuma, kamtumia nani, saa ngapi, akiwa wapi, na ujumbe una uzito gani. Akasema kulifunga tumbo kwa kufuli ni kazi ya siku moja, simu zote za tachi siku hizi zinaweza. Wanaowinda watu hawahangaiki na tumbo. Wanasoma ngozi.

Kisha akanipa bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, akanituma sokoni. Ya nje ilikuwa ya fundi viatu. Nilipompa aliifungua, akakuta ndani nyingine ya mama wa vitenge, akampelekea. Yule naye akafungua, akakuta ya muuza mbegu. Muuza mbegu akafungua ya mwisho, akasoma: "Leta chai nyuma ya duka la mbolea." Akacheka, akaja nayo ofisini. Idrisa akamuuliza nani kamtuma, akasema mama wa vitenge. Mama wa vitenge angeulizwa angesema fundi viatu, na fundi viatu alikuwa hajui imeandikwa nini. "Hivyo ndivyo kompyuta zetu tatu zinavyofanya," akaniambia. "Ya kwanza inamjua mtumaji, haijui neno. Ya mwisho inajua neno, haimjui mtumaji. Ya katikati haijui kitu, na ndiyo ninayoipenda zaidi."

Nikamwambia, lakini kaka, mtu akisimama juu ya ghorofa akaangalia soko zima, si ataona mimi nimempa fundi bahasha, fundi kampa mama wa vitenge, mama kampa muuza mbegu? Akasema, "Ndiyo maana hatutumi bahasha moja." Akanipeleka kwenye ghala la pamba. Akanionyesha lundo, akasema mkulima akishamwaga pamba yake pale, hakuna wa kuitoa akasema hii ni ya fulani. Kompyuta ya kati hufanya hivyo: inaweka jumbe kwenye kapu, inasubiri zijae, inazikoroga, ndipo inaziachia zote pamoja.

"Na kama siku hiyo ameleta mkulima mmoja tu?"

"Basi lundo ni yeye."

"Na kama mtu anaona hatari sasa hivi, atasubiri kapu lijae?"

Idrisa akafunga chupa yake ya chai. "Swali hilo, Mama Kulwa, nina miaka mingi nalo. Nikiharakisha namwanika mtumaji. Nikichelewesha nawafukia walioko chini. Sina jibu."

Nimewaandikia hayo ili mjue kwamba aliyenifundisha alikubali kutokujua. Wengi waliokuja baadaye na kompyuta zao nyembamba walikuwa na majibu tayari.

Kitu kingine alichonizoesha ni kuandika upya kila taarifa kwa maneno yangu kabla ya kumpelekea mkaguzi. Mtu huandika kama anavyoongea. Kuna mmoja alikuwa anasema "kwa kweli kabisa" kila mstari, angejulikana na kijiji kizima. Mimi nilikuwa nawaosha wote wakatoka na Kiswahili kimoja cha ofisini, kikavu, kisicho na mwenyewe.

Programu ya kutuma taarifa, aliyoitengeneza Idrisa, ikawekwa kwenye simu za watu. Ikawa haifichi chochote, na aliyeiharibu siyo fundi. Ni adabu. Ujumbe wa kwanza kabisa kufika kwenye ile mashine iliyotengenezwa kwa akili nyingi hivyo ulianza hivi: "Shikamoo mama, mimi ni Mama fulani wa pale mwaloni panapooshwa mawe, mke wa marehemu fulani, habari za Shinyanga, naomba kutoa taarifa kwa siri." Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza na ukoo. Watu wetu hawawezi kumwambia mkubwa jambo bila kumsalimia, na hawawezi kusalimia bila kusema wao ni nani, wa nani, wametokea wapi. Idrisa alikaa akaziba uso kwa kofia yake.

Nikarekodi sauti, kwa Kiswahili na Kisukuma, nikiomba watu wasinisalimie. Nilitukanwa. Mzee mmoja wa Nyarugusu alipiga simu ya ofisi makusudi.

"Wewe ndiye binti unayekataa shikamoo?"

"Shikamoo, baba, siyo kukataa, ni usalama wako."

"Babaangu alinifundisha salamu kabla ya kutembea. Wewe unanifundisha nini?"

Hilo nalo likakaa bila dawa kwa muda mrefu.

Sasa nije kwa Nchama, aliyeniruhusu nimtaje. Nchama alikuwa mtu wa winchi kwa Lubinza, anapandisha ndoo za mawe. Alituma taarifa kwamba kamba ya winchi imekatika nyuzi na watu wanapandishwa nayo. Aliandika vizuri, hakusalimia, hakujitaja. Programu ikafunga, zile kompyuta tatu zikapitisha, kapu likakoroga. Mkaguzi akaenda kesho yake asubuhi. Mchana Lubinza alikuwa ameshamjua aliyetuma.

Sikulielewa. Nikafikiri kuna mtu kauza orodha, nikamwangalia vibaya kila aliyekuwa ofisini, hata Idrisa, Mungu anisamehe. Chakula kilikuwa hakishuki. Gari lolote likisimama nje nilikuwa nasimama na mimi. Mwishowe nikapanda basi mpaka Masumbwe, ambako Nchama alikuwa amehamia kwa shemeji yake baada ya kipigo. Nilimkuta anapalilia mpunga. Jicho moja lilikuwa bado limeingia damu.

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akaniinua.

"Mama Kulwa, simu yako ilinificha vizuri. Aliyenitaja ni lile jiwe."

"Jiwe gani?"

"Kwani hujui? Kule mashimoni hakuna mtandao. Ukitaka mtandao unapanda lile jiwe kubwa karibu na karasha. Nilipanda saa tisa, watu wote wako kazini, nimesimama juu kama kunguru na simu. Msimamizi akaniona. Mkaguzi alipokuja, wakaulizana nani alikuwa jiweni jana. Hawakuhitaji kuusoma ujumbe."

Nilikaa chini kwenye tuta. Miaka yote hiyo tunafunga bahasha ndani ya bahasha, na ngozi ya ujumbe ilikuwa imesimama juu ya jiwe, inaonekana na kila mwenye macho. Nilikuwa nimekaa na kompyuta mpaka nikasahau mahali nilipoishi mwenyewe. Hilo jiwe nilikuwa nalijua. Nilishalipanda kuongea na dada yangu. Kwa hiyo kwenye orodha ya waliomponza Nchama andikeni Lubinza, andikeni msimamizi wake Machibya, na wa tatu niandikeni mimi.

"Kosa langu ni siku," Nchama akaendelea, anang'oa magugu. "Ningesubiri siku ya mpira. Siku ya mpira kila mtu yuko jiweni anatafuta matokeo. Nani angeniona?"

"Rudia hapo."

"Nasema ningepanda na wengine."

Nilirudi Shinyanga na basi la siku ile ile. Nikamwambia Idrisa: kila siku iwe siku ya mpira. Kila mwenye programu apande jiwe wakati mmoja na atume, awe na neno asiwe nalo. Akasema wazo hilo lipo, mafundi wa mbali wanalijua, linashindikana kwa sababu mtu asiye na neno huchoka kutuma hewa. Siku tatu anatuma, ya nne anaona upuuzi.

"Hawatatuma hewa," nikasema. "Watanisalimia."

Idrisa aliitoa kofia, akaivaa tena. Alikaa wiki mbili na ile programu. Akaweka picha ya mkono. Ukiubonyeza, salamu inaondoka. Kama una neno unaliandika chini yake, na kama huna, programu inajaza yenyewe takataka zisizosomeka, mpaka salamu tupu na salamu yenye neno zinakuwa na uzito mmoja. Ikishaondoka haibakizi kitu kwenye simu isipokuwa ule mkono na saa.

Mimi nikaenda machimboni, mara yangu ya kwanza tangu nifukuzwe. Nikapita kwa akina mama wa mwaloni, wanaoosha mawe yaliyosagwa, nikapita kwa watu wa winchi na kwa mama lishe. Sikuwaeleza kapu wala bahasha. Niliwaambia nimekosa adabu kuwakataza salamu, nimekuja kuomba radhi, na kuanzia sasa nitafurahi wakinisalimia kila siku saa saba pale jiweni, wakisubiri chakula. Nami jioni simu zao zitapokea jibu moja: "Mwadila", salamu yetu Wasukuma ya kutwa. Yule mzee wa shikamoo alikuwepo. Akasema, "Sasa umekuwa mtu."

Watu wa machimbo ya jirani nao wakaiga. Wenye viswaswadu, zile simu ndogo za vitufe, wakawa wanaazima simu za wenzao, simu moja inasalimia kwa watu watatu, na Idrisa alifurahi kuliko nilivyotegemea, maana hata simu ikikamatwa haimwonyeshi mtu mmoja. Na lile swali lake la miaka mingi likajijibu. Kwa kuwa wote walituma saa saba, kapu lilijaa saa saba na dakika chache. Haraka na maficho vikawa kitu kimoja. Kisa cha yote ni watu kupenda kusalimia.

Nimezunguka sana. Nifike kwenye ufa.

Siku hiyo kapu lilifunguka kama kawaida, salamu tupu, salamu tupu, halafu moja ikawa na maneno. Duara kubwa la Lubinza limepata ufa upande wa juu, unaingiza mkono, na jana ulikuwa unaingiza kidole. Watu wanaendelea kushuka. Nikaandika upya kwa lugha yangu ya ofisini, nikampigia mkaguzi, ambaye bahati nzuri alikuwa Geita barabarani. Saa tisa alikuwa pale, akatoa watu wote, akafunga utepe.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Tatu, mama lishe, ambaye alikuwepo na sufuria zake, naye kaniruhusu nimtaje. Kesho yake asubuhi Lubinza aliwapanga watu wote mbele ya jiwe, na Machibya ubavuni.

"Jana saa saba nani alituma ujumbe hapa?"

Kisha mzee mmoja wa winchi akasema, "Mimi, bosi."

"Wewe."

"Ndiyo. Nilisalimia."

"Nani mwingine?"

"Mimi," akasema wa pembeni yake. "Nilisalimia."

"Na mimi."

"Mimi nilichelewa kidogo, simu ilikuwa kwa shangazi."

Lubinza akawakatisha. "Nataka ambaye hakusalimia ajitokeze kando." Hakuna aliyetoka. Akamgeukia Machibya amsaidie, na Machibya akaangalia chini, akasema, "Bosi, hata mimi huwa namsalimia. Yule mama ni mkubwa wangu."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Zikakusanywa simu. Kila moja ina mkono, saa saba. Tatu akamuuliza, "Bosi, tukuweke na wewe kwenye salamu? Ni kubonyeza tu." Anasema Lubinza aliondoka bila kumjibu mtu, na siku hiyo wali wa Tatu uliisha mapema, watu walikula kwa raha.

Siku ya tatu Lubinza akaja ofisini. Idrisa alikuwa amesafiri. Nilikuwa peke yangu natafuna karanga gari liliposimama, na nawaambia kweli, niliendelea kutafuna. Lubinza aliingia na Katibu Foti nyuma yake, bado ni katibu, bado ana funguo. Walikuwa wamezeeka. Nikawakaribisha viti.

Lubinza aliangalia mkono wangu kwenye kibodi. "Wewe ni yule wa nyundo."

"Ndiye."

"Kwa hiyo unanilipizia."

"Bosi, mimi napokea salamu. Kama kuna ufa, ufa ni wako."

"Sitaki maneno. Nataka jina moja. Mashine hii haiwezi kukosa jina."

"Njoo uangalie."

Nikamgeuzia kioo. Akavuta kiti, akasoma mistari kwa kidole, wa kwanza mpaka wa mwisho. Yote uzito mmoja, yote saa saba na dakika zake, hakuna namba ya simu, hakuna eneo. Foti naye akainama. "Hapa hakuna kitu," akasema, kama mtu aliyefungua sanduku la maoni akakuta limejaa barua za mwandiko mmoja.

"Wewe unamjua," Lubinza akaniambia. "Kichwani unamjua."

"Simjui."

"Apa."

"Siapi kwa ajili yako. Lakini simjui. Tumeitengeneza hivyo ili hata ukinivunja vidole vilivyobaki, usipate kitu."

Nilipolisema hilo, kitu kilitua ndani yangu. Miaka yote nilikuwa nikibeba majina ya watu kama mtu aliyebeba mayai kwenye baiskeli. Siku ile nilijikagua, nikakuta sijabeba lolote. Hofu ilinitafuta ikakosa pa kushika.

Hapo simu ya Lubinza ikaita. Akasikiliza. Akauliza, "Lote?" Kisha akauliza, "Kuna mtu ndani?" Akasikiliza tena, akaishusha simu mapajani. Duara lilikuwa limeshuka, na ndani hakukuwa na mtu hata mmoja. Tatu aliniambia baadaye kwamba ilikuwa sauti tu na vumbi, na watu walisimama wanaangalia wakihesabiana, wanahesabiana tena.

Nilimwona Lubinza anapiga hesabu ya watu ambao kwa kawaida wangekuwa chini saa zile. Akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Huyo mtu," akasema. "Mwambie…"

Akashika kitasa.

"Nimwambie vipi, bosi, na simjui? Ukiwa na neno naye, nenda ukawaambie wote."

Hakwenda, kwa ninavyojua. Aliacha kuwapiga watu, akanunua magogo mapya kwa duara linalofuata, na bado ni bosi na bado anasalimiwa. Foti ameng'olewa ukatibu kwa mambo mengine. Kama mlitaka nimalizie kwa kusema wamefungwa, niwieni radhi, sina uongo huo.

Mwezi uliopita, nilipoacha kazi kwa sababu ya macho, akina mama wa mwaloni waliniita niagwe. Tulikula, nikapewa kitenge na kuku wawili. Wakati naondoka akanisogelea mtu mmoja, akaniinamia sikioni.

"Shikamoo mama. Sijawahi kumwambia mtu. Ule ufa, ni mimi niliyeusema."

Nilitaka kumziba mdomo, lakini alishamaliza. Nikasema marahaba, asante, nenda salama. Nikatembea hatua chache, roho inauma kwamba sasa nina jina tena. Karibu na karasha akanisimamisha mwingine, akaangalia huku na huku, akaniambia neno lile lile. Kisha wa tatu kule kwenye bodaboda. Wa nne alikuwa Machibya.

Wote wanne niliwaitikia marahaba, nikawashukuru kwa usawa, nikapanda bodaboda na kuku wangu.